Jengo la shule iliyofungwa Marekani: namna ya kulipatia ruhusa ya huduma za jamii

Mwaka 2010 Kansas City, Missouri, iliamua kufunga karibu nusu ya shule zake za umma. Mwaka 2013 bodi ya elimu ya Chicago ilipiga kura kufunga takriban shule 50, na mwaka huohuo Philadelphia ikafunga zaidi ya 20. Wanafunzi huhamishwa, jengo hubaki pale pale katikati ya nyumba za watu, likiwa na ukumbi, jiko, uwanja na vyumba vya kutosha. Bei yake mara nyingi huonekana ya kutupa. Chama cha jamii kinatia saini, kinakabidhiwa funguo, halafu ofisi ya jiji inakiambia kwamba humo hakiruhusiwi kugawa hata mfuko mmoja wa unga.

Kinachowaangusha wengi ni kudhani kwamba jiji hutoa ruhusa kwa "kituo cha jamii". Kanuni za kanda, yaani sheria zinazosema kila kiwanja kitumike kwa nini, husoma shughuli moja moja: malezi ya watoto, ofisi, zahanati, mgao wa chakula, mikutano, kulaza watu. Kila moja ina mstari wake kwenye jedwali. Moja ikikataliwa, nia njema ya zile nyingine haiiokoi.

Mwongozo huu ni wa vyama visivyo vya faida vinavyotaka kununua au kupanga jengo la namna hiyo. Hesabu za majengo zilizomo zinafuata IBC, kanuni ya ujenzi ambayo karibu majimbo yote ya Marekani yameichukua kwa marekebisho yao. Kabla ya kutumia namba yoyote, ulizeni jiji lenu linafuata toleo la mwaka gani.

Hatua ya 1: Andikeni shughuli, siyo maono

Chukueni karatasi moja. Kila shughuli ipewe mstari wake wenye mambo sita: inafanyika chumba gani, watu wangapi kwa wakati mmoja, umri wao, siku na saa, magari mangapi yanakuja, na kama kuna chakula kinachopikwa au mtu anayelala. Mambo mawili ya mwisho ndiyo hubadilisha kila kitu, kwa hiyo msiyafiche wala kuyaandika kwa mafumbo.

Angalieni pia maneno mnayotumia. "Ghala la chakula" kwenye jedwali la jiji linaweza kusomwa kama bohari, na bohari hairuhusiwi katika kanda ya makazi. "Kugawa chakula kwa familia Jumanne na Alhamisi, saa 10 jioni hadi saa 1 usiku, gari moja la kuleta mzigo kwa wiki" mara nyingi husomwa kama sehemu ya huduma kuu ya kituo. Shughuli ni ileile, ila maelezo ya pili yanampa ofisa kitu cha kupima. Lakini kama kweli mtapokea malori matatu kila siku na kusambazia vituo vingine kumi, hiyo ni bohari, na kuiita jina jingine kutawatokea puani siku jirani atakapopiga picha.

Hatua ya 2: Pateni barua ya kanda

Tafuteni kiwanja kwenye ramani ya kanda ya jiji, kisha fungueni jedwali la matumizi na mtie alama tatu: kinachoruhusiwa moja kwa moja, kinachohitaji kibali cha masharti, na kilichokatazwa. Baada ya hapo ombeni idara ya mipango miji barua rasmi ya uthibitisho wa kanda, mkiambatisha orodha yenu. Ada yake huwa ndogo. Neno la mdomo la ofisa wa kaunta halimfungi mtu yeyote, hata liwe la uungwana kiasi gani.

Hapa kuna mtego unaorudiwa kila mahali. Watu husema: "Shule iliruhusiwa hapa miaka 70, kwa nini sisi tukataliwe?" Shule ya umma ilikuwepo kwa sababu moja kati ya tatu: kanda iliitaja kwa jina, au wilaya ya shule, yaani chombo cha serikali kinachosimamia shule za umma za eneo, ilisamehewa kanuni za kanda kwa kuwa ni ya serikali, au shule ilitangulia kanuni zenyewe na ikaachwa iendelee. Sababu ya kwanza ni ya shule peke yake. Ya pili ni ya mwenye mali, na hufa anapouza. Ya tatu hupotea jengo likikaa bila kutumika kwa muda uliowekwa, mara nyingi miezi 6 hadi miaka 2. Kwa hiyo ulizeni mapema tarehe ambayo shule ilifungwa, na kama kuna kitu kiliendelea humo baadaye. Programu ya watu wazima iliyokuwa ikiendeshwa jioni inaweza kuwa ndiyo uzi pekee uliobaki.

Hatua ya 3: Nani anauza, na hati inasema nini

Wilaya ya shule haiuzi kama mtu binafsi. Kila jimbo lina utaratibu wake wa mali ya ziada. California, kwa mfano, inadai wilaya iunde kamati ya ushauri yenye wajumbe 7 hadi 11 kabla ya kuuza au kupangisha mali isiyohitajika, na mashirika fulani ya umma yapewe nafasi ya kwanza. Washington, D.C., imezipa shule za mkataba (shule za umma zinazoendeshwa na vyombo huru) kipaumbele kwenye majengo kama hayo. Ofa yenu ikija kabla ya foleni hiyo kwisha, haina thamani.

Kwenye hati miliki mtafute mambo matatu. La kwanza ni sharti la kurudisha: ardhi iliyotolewa miongo mingi iliyopita "kwa ajili ya shule tu", ambayo inaweza kurudi kwa warithi wa mtoaji shule ikikoma. La pili ni uwanja uliojengwa kwa fedha za mfuko wa shirikisho wa ardhi na maji wa mwaka 1965. Uwanja huo unatakiwa kubaki wa burudani ya nje ya umma, na hauwezi kugeuzwa maegesho bila ridhaa ya serikali ya shirikisho na kutoa ardhi mbadala. La tatu, kama mnapanga badala ya kununua, ulizeni kama jengo lilikarabatiwa kwa hatifungani zisizotozwa kodi ambazo bado hazijalipwa. Hizo huweka kikomo cha matumizi ya watu binafsi, na wakili wa wilaya anaweza kuzikumbuka siku ya kusaini.

Hatua ya 4: Mleteni msanifu majengo kabla ya mwanasheria wa mauzo

Kanda ikikubali, bado kanuni ya ujenzi haijasema neno. IBC huyapanga majengo kwa makundi ya herufi kulingana na matumizi yake: shule iko kwenye kundi E. Ofisi ni B, mikutano ni A, kulaza watu ni R, na baadhi ya malezi ni I. Kuhamisha jengo kutoka kundi moja hadi jingine kunaitwa mabadiliko ya matumizi, na hapo jiji linaweza kudai njia za kutokea, vinyunyizio vya kuzimia moto na vyoo vya kiwango kipya. Mlipeni msanifu kwa kazi ya siku chache tu: aandike kurasa mbili au tatu zinazosema kila chumba kinaingia kundi gani na nini kinakosekana.

Tazameni ukumbi wa michezo wa futi 60 kwa 80, yaani futi za mraba 4,800 (karibu mita za mraba 446). Ulipokuwa wa shule, ulihesabiwa kama sehemu ya shule. Shule ikiondoka, unasimama wenyewe, na idadi ya watu inakokotolewa kwa shughuli:

- Mazoezi ya mwili: futi 50 kwa mtu, watu 96.
- Meza na viti: futi 15 kwa mtu, watu 320.
- Viti vitupu kama vya mkutano: futi 7 kwa mtu, watu karibu 686.

Kwa watu 96 mnahitaji milango miwili ya kutokea, na huenda ipo tayari. Kwa 320 mmevuka 300, kiwango ambacho ukumbi wa mikutano huanza kudaiwa vinyunyizio. Kwa 686 mnahitaji njia tatu za kutokea, kwa kuwa mmepita 500. Vyoo navyo hupanda: kwa uwiano wa choo kimoja kwa wanaume 125 na kimoja kwa wanawake 65, watu 320 wanahitaji 2 vya wanaume na 3 vya wanawake, watu 686 wanahitaji 3 na 6. Sherehe moja ya viti vitupu mliyoitaja kwenye fomu kwa shauku inaweza kuwagharimu mfumo mzima wa vinyunyizio. Kanuni inamruhusu ofisa wa majengo kukubali idadi ndogo kuliko ya hesabu, kwa mfano 299, mkionyesha mpango wa samani na kubandika kikomo mlangoni. Halazimiki kukubali, ila ombeni.

Malezi ya watoto yana hila yake. Watoto wenye zaidi ya miaka 2 na nusu hubaki kundi E, na hiyo ni habari njema kwa jengo la shule. Wakizidi watano walio na miaka 2 na nusu au chini ya hapo, jengo linaelekea kundi I-4, lenye masharti makali zaidi ya moto. Kuna mlango wa kutokea, kwa maana halisi: kama watoto hao hawazidi 100, vyumba vyao viko kwenye usawa wa kutokea nje, na kila chumba kina mlango unaofunguka moja kwa moja nje, wanahesabiwa E. Ndiyo maana wachanga wanawekwa kwenye vyumba vya chini vya pembeni na siyo ghorofani, hata kama vya ghorofani ni vizuri zaidi.

Kulaza watu, hata kwa usiku wa baridi kali tu, kunahamisha sehemu hiyo hadi kundi R. Kama vinyunyizio havipo, acheni wazo hilo nje ya awamu ya kwanza. Limeua miradi mingi ambayo ingefaulu bila hilo.

Watu wenye ulemavu: sheria ya ADA ya mwaka 1990 inadai kwamba mkikarabati eneo la shughuli kuu, njia ya kulifikia nayo irekebishwe, hadi asilimia 20 ya gharama ya ukarabati huo. Ukarabati wa dola 200,000 unaweza kubeba dola 40,000 nyingine za mlango, njia na vyoo. Fedha zisipotosha, anzeni na mlango wa kuingilia. Shule za msingi zina kasoro ambayo macho hayaioni haraka: vyoo ni vya watoto. Kiti cha choo cha mtu mzima mwenye ulemavu kinatakiwa kiwe inchi 17 hadi 19 kutoka sakafuni, na vile vya watoto wa miaka 5 hadi 8 ni inchi 12 hadi 15. Pimeni kwa futi kamba siku ya kwanza. Na kama mwenye nyumba ataendelea kuwa wilaya ya shule, msitegemee ule msamaha wa lifti wa majengo binafsi yasiyofika ghorofa tatu. Mali ya umma haina msamaha huo.

Hatua ya 5: Sumu zilizofichwa ukutani

Tangu sheria ya AHERA ya mwaka 1986, kila shule inatakiwa kuwa na kitabu cha asbesto kinachoonyesha ilipo, na kukaguliwa upya kila baada ya miaka mitatu. Kiombeni, kukisoma ni bure na kinaokoa wiki kadhaa. Lakini kitabu hicho hakitoshi kwa ukarabati, kwa kuwa hakigusi paa wala nje na hakibomoi ukuta kutazama ndani. Sheria ya shirikisho inadai ukaguzi kamili kabla ya kubomoa au kukarabati, na taarifa ya siku 10 za kazi asbesto ikifikia kiwango kama futi 260 kwenye mabomba au futi za mraba 160 kwingine.

Jengo la kabla ya 1978 lichukulieni kuwa lina rangi yenye madini ya risasi mpaka vipimo vikane. Lililojengwa au kukarabatiwa kati ya 1950 na 1979 linaweza kuwa na PCB, kemikali yenye sumu, kwenye gundi ya kuzibia madirisha. Tangi la mafuta ya kupasha joto lililozikwa uani nalo huwa linasahauliwa na kila mtu isipokuwa mnunuzi mpya.

Ulizeni pia joto lilizimwa lini. Majira moja tu ya baridi bila joto yanapasua mabomba, na wezi wa shaba humaliza kilichobaki. Sera nyingi za bima hupunguza fidia jengo likishakaa tupu siku 60.

Hatua ya 6: Chagueni njia ya kibali

Kama shughuli zote zinaruhusiwa moja kwa moja, rukeni hadi hatua ya 8. Kama sivyo, njia ni hizi.

Kibali cha masharti ndiyo njia ya kawaida na ndiyo ninayoipendekeza kwa vyama vingi. Jedwali limeshakubali kwamba shughuli inaweza kukaa pale. Mnachothibitisha ni kwamba haitawadhuru majirani. Kubadilisha kanda ya kiwanja kunachukua muda mrefu zaidi, kunahitaji kura ya halmashauri, na kiwanja kimoja kikipewa kanda yake katikati ya makazi, jirani mwenye wakili anaweza kwenda mahakamani kudai ni upendeleo wa kiwanja kimoja. Ahueni ya kanuni, yaani ruhusa ya kutofuata kanuni fulani, ni njia ya mwisho. Mnatakiwa kuonyesha ugumu unaotokana na ardhi yenyewe, na ukosefu wa fedha hauhesabiki. Sheria ya jimbo la California kwa kawaida haikubali ahueni ya kuruhusu matumizi yaliyokatazwa.

Miji michache imejitengenezea njia maalumu ya shule. Seattle ina sura ya 23.78 katika kanuni zake za ardhi: kamati ya ushauri inaundwa kwa ajili ya jengo husika, inapendekeza vigezo vya matumizi yasiyo ya shule, na vigezo hivyo ndivyo vinavyoongoza wapangaji wanaofuata. Jengo la zamani la shule ya John B. Allen huko, leo kituo cha jamii cha mtaa wa Phinney, linaonyesha aina ya mchanganyiko wa shughuli unaowezekana. Kama mji wenu hauna kitu cha namna hiyo na kuna shule kadhaa zilizofungwa, kumshawishi diwani atunge kanuni moja ya majengo yote kunaweza kuwa rahisi kuliko kupigania kila jengo peke yake.

Kabla ya kukata tamaa kwa ajili ya maegesho, hakikisheni bado yanadaiwa. Buffalo iliondoa kiwango cha chini mwaka 2017, Minneapolis mwaka 2021, na California tangu 2023 imeyazuia majiji kukidai, isipokuwa kwa hali chache, ndani ya nusu maili ya kituo kikubwa cha usafiri wa umma.

Hatua ya 7: Mkataba wenye mlango wa nyuma, kisha kikao

Msinunue kwanza na kuomba baadaye. Mkataba uwe na siku 60 hadi 90 za uchunguzi, na sharti kwamba ununuzi haukamiliki mpaka kibali kitoke na muda wa rufaa upite. Muda huo mara nyingi ni kama siku 30. Anayeanza kubomoa kuta ndani ya siku hizo anacheza kamari na fedha za wafadhili.

Kwa kikao cha wazi, andaeni namba. Ombeni wilaya rekodi za uandikishaji wa miaka ya mwisho ya shule. Kama wanafunzi 400 walikuwa wakishushwa kati ya saa 1:45 na saa 2:15 asubuhi, na kituo chenu kitaleta magari 60 yaliyotawanyika mchana kutwa, basi hoja ya msongamano mmeijibu kabla haijaulizwa. Leteni mchoro wa taa, mahali pa takataka na njia ya lori. Tembeleeni nyumba zinazopakana na kiwanja kabla ya barua ya jiji kuwafikia. Jirani anayesikia habari kwenye bahasha ya serikali huja kikaoni akiwa ameshaamua.

Baadhi ya upinzani utahusu watu mnaowahudumia na si magari. Hapo mjue kesi ya Cleburne, Texas. Jiji lilidai kibali maalumu kwa nyumba ya watu 13 wenye ulemavu wa akili, na sababu mojawapo iliyotolewa ilikuwa kwamba wanafunzi wa shule ya ng'ambo ya barabara wangewadhihaki. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitupa uamuzi wa jiji: chuki au hofu tupu ya majirani si msingi wa kunyima kibali. Msiitaje kesi hiyo kwa vitisho. Mwachieni wakili aiweke kwenye kumbukumbu za kikao kwa maandishi. Vyama vya dini navyo vina ulinzi wa sheria ya shirikisho ya mwaka 2000, RLUIPA.

Masharti yakianza kutajwa, kataeni kwa upole yasiyopimika. "Kelele za wastani" litawatesa miaka yote. "Hakuna muziki nje baada ya saa 3 usiku" mnaweza kulitimiza na kulithibitisha. Ombeni kibali kifungwe kwenye jengo, kisifungwe kwenye jina la chama, la sivyo mkibadilisha mpangaji mnaanza upya. Idadi ya watu iwekwe juu kidogo ya mnayoihitaji leo.

Hatua ya 8: Kutoka kibali hadi funguo

Kibali cha kanda hufa kazi isipoanza ndani ya muda wake, mara nyingi mwaka mmoja au miwili. Wekeni tarehe hiyo kwenye kalenda ya bodi. Ombeni kibali cha ujenzi kwa awamu: bawa la ghorofa ya chini lenye ofisi na madarasa kwanza, ukumbi na jiko baadaye, huku sehemu isiyotumika ikitenganishwa kwa namna mkaguzi wa moto aliyoikubali. Jiko la shule lililokaa kimya miaka mitano huhitaji mfumo mpya wa kuzima moto juu ya jiko na ukaguzi wa idara ya afya, kwa hiyo lisiwe kizuizi cha kufungua madarasa.

Mtu asiingie kabla ya cheti cha ukaaji kinachotaja kundi jipya. Cheti cha zamani cha shule hakiwahusu. Siku hiyohiyo pelekeni ombi la msamaha wa kodi ya mali kwa mkadiriaji wa kaunti, kwani msamaha wa wilaya ya shule haurithiwi. Chumba mtakachokipangisha kwa duka au biashara yoyote ya faida, kitengeni kwenye ombi hilo kwa futi zake za mraba, kwa sababu sehemu hiyo kwa kawaida hutozwa kodi.